BlackBerry Haikufia Waterloo

Kuna sauti ndani ya BlackBerry, ile filamu ya Matt Johnson ya mwaka wa 2023, ambayo mara ya kwanza utaipuuza. Mwaka ni 1996. Mike Lazaridis na Doug Fregin, vijana wawili wa Waterloo, Kanada, wamekuja kumwomba Jim Balsillie awasaidie kuuza kifaa ambacho bado hawajakiunda. Wakiwa wanasubiri, kidude cha intakomu kilichoko mezani kinavuma. Ni mvumo mdogo tu, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Lazaridis hawezi kuuvumilia. Anakigeuza, anaona kimetengenezewa China, anakifungua na kukirekebisha hapo hapo. Kisha mkutano unaanza, na unaenda vibaya.

Karibu saa mbili baadaye mvumo ule ule unarudi, safari hii ukitoka ndani ya simu ya Storm, ambayo kampuni yake mwenyewe imeipeleka China ikatengenezwe haraka. Lazaridis anaketi na kuanza kufungua sanduku moja moja, akirekebisha simu moja moja, na masanduku yamejaa chumba kizima. Filamu inaishia hapo. Maandishi yanatokea kutuambia kwamba kampuni iliyowahi kushika asilimia 45 ya soko sasa ina asilimia 0.

Nimeitazama mara tatu, na mara zote tatu hiyo ya mwisho imenishika koo. Pia mara zote tatu nimetoka na swali lile lile: na sisi je?

Lakini kwanza tuipe haki yake, kwa sababu hii ni muvi kali. Johnson anaipiga kama watu wa televisheni wanaofuatilia ofisi ya mtu bila kualikwa: kamera ya mkononi, inachungulia juu ya bega, inavuta uso wa mtu karibu pale tu anapotamani asionekane. Yeye mwenyewe anamwigiza Fregin, na kitambaa chake cha kichwani na usiku wake wa kutazama sinema na wahandisi ofisini. Jay Baruchel anamfanya Lazaridis kuwa mtu anayeongea kana kwamba kila neno linakatwa kwenye salio lake. Halafu kuna Glenn Howerton. Amenyoa upara, amevaa suti, na anamwigiza Balsillie kama ule mzazi unayemjua wa mechi za shule, yule anayemtukana refa hata mwanawe asipokuwa uwanjani. Tukio la Bell Atlantic, ambapo mfano wa simu umesahauliwa kwenye teksi na Balsillie inabidi awauzie wakubwa wa kampuni hewa tupu, ningelipa kulitazama peke yake.

Filamu pia inaelewa jambo ambalo hadithi nyingi za kampuni huliruka: kile walichokuwa wanauza hasa. Wengine walikuwa wamejaribu kuweka barua pepe ndani ya simu wakashindwa kwa sababu mtandao wa simu wa wakati huo ulikuwa mwembamba. Ukilundika watu wengi, unaziba. Akili ya Research In Motion, jina la kampuni wakati huo, ilikuwa kupitisha vitu vichache sana kwenye njia hiyo nyembamba, vilivyobanwa, na kupitia seva zao wenyewe. Kibodi ilikuwa sura tu. Ujanja ulikuwa kwenye ubahili wa data. Shika hilo, nitalirudia.

Kabla ya hapo, nina neno dogo kuhusu jinsi filamu inavyoanza. Inaanza 1996, wakati kampuni ilianzishwa 1984. Miaka 12 imeruka. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hadithi za mabilionea walioacha chuo huwa nazisoma kwa jicho la mteja aliyewahi kuuziwa kitu feki. Lazaridis ni mmoja wao: mtoto wa Wagiriki, mzaliwa wa Istanbul, aliacha Chuo Kikuu cha Waterloo akiwa karibu kumaliza. Kile ambacho huwa hakisemwi kwenye zile video za kututia moyo ni kwamba alikuwa na mkopo wa wazazi wa kama dola 15,000, mwingine wa kiasi kama hicho kutoka kwa serikali ya Ontario, na kandarasi ya General Motors. Hebu acha chuo pale Juja halafu uende kuomba serikali mkopo wa kuunda kitu ambacho hakuna mtu amekisikia. Katika hiyo miaka iliyorukwa kampuni ilijilisha kwa vibarua vya kila aina, kimojawapo kikiwa kifaa cha kusoma alama za kando ya mikanda ya filamu, ambacho kilikuja kuwapatia tuzo ya kiufundi ya Oscar. Ajabu ni kwamba filamu haisemi hata hilo. Na Lazaridis akarudi Waterloo mwaka wa 2003 kama mkuu wa chuo. Mimi chuo changu hunitafuta kwa SMS ya karo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Kwa Johnson, BlackBerry inakufa kati ya 2007 na 2008. Steve Jobs anaonyesha iPhone, Lazaridis anachanganyikiwa, anaahidi simu isiyo na kibodi, Storm inatoka mbovu, mwisho. Upande wa pili Balsillie anakimbizana na ndoto ya kununua timu ya magongo ya barafu huku wapelelezi wa soko la hisa wakiingia ofisini. Kama mchezo wa jukwaani, imekaa vizuri. Kama historia, kalenda yake inakataa.

Hisa za kampuni zilifika kilele chake Juni 2008, mwaka mzima baada ya iPhone kuanza kuuzwa. Mapato yalifika kilele katika mwaka wa fedha wa 2011, karibu dola bilioni 20. Na watumiaji, hao ndio wanaonishangaza: mwaka wa 2007 walikuwa takriban milioni 10. Mwaka wa 2012 walikuwa karibu milioni 80. Soma tena. Hii maiti iliongeza watu milioni 70 ikiwa kaburini.

Hao milioni 70 walikuwa nani? Mabenki ya New York hayakuwa na wafanyakazi wa kutosha kujaza nambari hiyo. Wamarekani walikuwa wameanza kuhama. Walikuwa Jakarta, Lagos, Johannesburg, Riyadh. Walikuwa vijana wa London, hata wakati wa ghasia za Agosti 2011 wanasiasa wa Uingereza wakaanza kuinyooshea kidole BBM, ule mfumo wa kutumiana ujumbe ndani ya BlackBerry. Na walikuwa hapa Nairobi.

Binamu yangu alikuwa kampasi mwaka huo wa 2011, mimi nikiwa darasa la saba. Alikuwa na Curve aliyoinunua mkono wa pili Luthuli Avenue, imekwaruzwa nyuma, na kile kidude cha katikati cha kuviringisha mshale kilikuwa kimekuwa cheusi kwa jasho la mtu mwingine. Alijiona amefika, na alikuwa amefika. Namba ya simu ungeweza kumpa mtu yeyote, hata kondakta. Lakini PIN, zile herufi na tarakimu nane, hiyo ulipewa ukishapimwa. Watu waliziweka Facebook kama vile unavyoweka jina la shule. Ukitaka mtu akuangalie unampiga PING!!! na simu yake inatetemeka mezani. Ukituma ujumbe unaona D umefika, halafu R umesomwa, na kati ya R na jibu ndipo mapenzi mengi ya kampasi yalikufa. WhatsApp walileta tiki za buluu mwaka wa 2014, lakini kizazi cha binamu yangu kilikuwa tayari kimeshalia machozi ya R. Hata neno DP, mimi nililisikia kwake kwanza, kwa hiyo simu.

Na ilifanya kazi kwa sababu ya ule ubahili. Hapa kwetu intaneti ya simu ilikuwa ghali na ya kusuasua. BlackBerry ilibana kila kitu kabla hakijakufikia, kwa hivyo ulilipa bando moja maalum ukachati mwezi mzima bila kuhesabu. Bando likiisha, ile simu ya kifahari ilibaki ya kupiga na kupokea tu, na binamu yangu alikuwa anaishikilia mkononi hivyo hivyo, taa imezimwa, ili watu wasijue. Kile ambacho wahandisi wa Waterloo walikitengeneza kwa ajili ya mitandao duni ya Amerika Kaskazini ya 1996 ndicho kilichokuja kutufaa sisi miaka 15 baadaye. Hilo ni jambo zuri la kusimulia. Linamalizia wazo ambalo filamu yenyewe iliuliza katika dakika zake za kwanza. Johnson ameliacha sakafuni.

Kwenye filamu yake wanaotumia hizo simu ni watu wa suti na wahandisi. Hakuna msichana hata mmoja anayesubiri R.

Afrika tulikuwa tumeshaliona, lakini. Zaidi ya miaka 10 kabla ya Johnson, Nollywood walitoa BlackBerry Babes, kichekesho cha wasichana wa chuo ambao wako tayari kwa lolote ili wapate hiyo simu. Si filamu nzuri. Sauti inapanda na kushuka, na inawahukumu wasichana wake kama kasisi aliyechelewa chakula cha mchana. Lakini ilijua jambo ambalo hii ya Berlin na wakosoaji hawakulijua: kwamba simu hiyo ilikuwa daraja la kijamii, na kwamba kuna watu waliokuwa wanaipanda kwa magoti. Ningetamani Johnson angeitazama, hata kama ni kwa kuibia tu.

Au angetazama Jakarta. Novemba 2011, kampuni ilizindua Bold mpya ndani ya jumba la maduka na kuahidi nusu bei kwa wateja 1,000 wa kwanza. Watu walifurika, msukumano ukaanza, wengi wakazimia. Hiyo ni miaka mitatu baada ya Storm. Mimi ningeweka hilo tukio kwenye filamu hata kama lingenigharimu timu nzima ya magongo. Huko ndani ya ofisi wanajua wanazama, huku nje watu wanakanyagana ili wapande meli.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2011, mtambo mmoja wa kampuni huko Slough, Uingereza, ulikwama, na wa akiba ukakataa kushika. Kwa kama siku tatu ujumbe ukasimama Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, kisha shida ikasambaa hadi Amerika yenyewe. Ule mfumo wa kupitisha kila kitu kwenye seva zao, uliokuwa nguvu yao yote, ukawa ndio kamba shingoni. Na ndio ulewafanya wagombane na serikali pia: mwaka wa 2010 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitishia kufunga huduma hiyo kwa sababu haungeweza kusoma kilichokuwa ndani. Wakenya waliokuwa Dubai wakati huo walikuwa na sababu zao za kupenda ujumbe usiosomeka. Mambo haya yote ni drama. Hayahitaji hata kuongezewa chumvi.

Kuna na hili la China. Filamu imeufanya mvumo kuwa dhamira yake: bidhaa nzuri hutengenezwa polepole na mtu anayejali, bidhaa mbovu hutoka China. Najua ni sitiari. Najua pia kwamba Lazaridis wa filamu anajisaliti yeye, si kwamba Wachina wamemsaliti. Lakini mtazame kutoka hapa. Simu janja ya kwanza ya watu wengi ninaowajua ilikuwa ya Mchina, na tuliiita hivyo hivyo, simu ya Mchina, kwanza kwa dharau, baadaye bila kufikiria. Zilivuma, ndiyo. Zilikuwa na laini mbili, spika ya kuamsha plot nzima, na bei ambayo mama mboga angeiweza. Kile ambacho filamu inakisikia kama sauti ya kifo, mtaani kilikuwa sauti ya mlango kufunguliwa. Halafu Storm halisi haikuuawa na mvumo. Iliuawa na kioo chake cha ajabu cha kubonyea kizima kizima, na programu iliyotoka kabla haijaiva, kwa sababu Verizon walitaka jibu la iPhone kabla ya Krismasi. Haraka ilikuwa ya Marekani.

Kitabu ambacho filamu imetolewa, Losing the Signal cha Jacquie McNish na Sean Silcoff, kinajua haya mengi. Na ndani yake kuna tukio ambalo kwangu ndilo kifo chenyewe, na Johnson hakuligusa. Kuelekea mwisho, Balsillie, huyu huyu tunayeonyeshwa kama papa mwenye tai, alikuwa ameona mbele kuliko wahandisi wote. Alitaka BBM iachiliwe, itolewe kwenye simu za watu wengine, ipitie kampuni za simu kama mrithi wa SMS duniani kote. Lazaridis hakutaka. BBM ndiyo iliyokuwa inawafanya watu wanunue kifaa, na kifaa ndicho alichokipenda. Januari 2012 wote wawili waliacha ukurugenzi, Thorsten Heins akachukua usukani, mpango ukatupwa, na miezi miwili baadaye Balsillie akajiuzulu kwenye bodi.

BBM ilikuja kufika kwenye Android na iPhone Oktoba 2013, ikiwa na foleni ya kusubiri kama ya Huduma Centre. Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19.

Fikiria hilo likiwa kwenye mikono ya Howerton. Mtu ambaye filamu nzima tumemchekea kwa ubabe wake, amesimama mbele ya chumba, kwa mara ya kwanza yuko sahihi kabisa, na hakuna anayemsikiza kwa sababu amepiga kelele miaka 15. Hiyo ingeigeuza filamu juu chini. Tungelazimika kumhurumia papa. Badala yake tunapewa fundi mtakatifu na sanduku lake, na ni picha nzuri, siikatai, ila inampa Lazaridis kifo cha heshima ambacho hesabu za kampuni hazimpi. Alipendwa na watu milioni 80 kwa ajili ya kitu kilichokuwa ndani ya simu, yeye akadhani ni simu.

Nimesikia watu wakisema ni filamu ya Wakanada kuhusu Wakanada, tuiache ijitafutie. Sawa. Johnson hana deni kwangu, na bajeti yake ilikuwa ya filamu ndogo, haikuwa na nauli ya kufika Lagos. Lakini maandishi yake ya mwisho yanazungumzia soko, na soko hilo lilikuwa sisi. Hizo nambari za 2012 ni pesa zilizotoka kwa binamu yangu, bando baada ya bando. Ukisema 0% bila kusema ni nani aliyekuwa wa mwisho kuondoka, umewafuta mara mbili.

Kwa hivyo itazame, ikiwezekana na mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati huo, na usimwache aondoke maandishi ya mwisho yakianza. BBM ya kawaida ilizimwa Mei 31, 2019. Januari 4, 2022 kampuni ilikata huduma kwa simu zake za zamani, na zile Curve zilizobaki kwenye droo hazikuwa na uhakika tena hata wa kupiga simu. Binamu yangu aliuza yake 2013 kwa fundi wa Moi Avenue, akaongeza pesa akachukua Android. Juzi nilimuuliza kama anakumbuka PIN. Aliitaja yote nane, akaanza kucheka, halafu akaniuliza namtafutia nani.